Aliyefunga Mwaka Akanenepa

Kiswahili kina vituko vyake. Neno moja linaweza kukuvisha joho na kukuvua suruali, na wewe umeketi tu hujamkosea mtu. Muulizeni Norman Mwangangi wa Woodley, mpima sare za shule katika duka moja la Barabara ya Biashara, mtu mpole mwenyeji wa Mwingi. Miaka yote aliyosali Riruta hakuwahi kuitwa mbele ya kanisa, isipokuwa ile siku aliyokanyaga waya wa kipaza sauti akauzima katikati ya pambio.

Jumapili ya mwisho ya mwaka juzi, Mchungaji Muigai alishuka madhabahuni, akafuta jasho, akauliza kwa upole: "Nani kati yenu atafunga mwaka pamoja na mimi?"

Mwangangi alikuwa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, ndiyo kwanza anatoka usingizini. Mahubiri yote yaliyotangulia swali hilo, mahubiri marefu ya kujinyima na kuutiisha mwili, yalikuwa yamempita kama mvua inavyompita aliye chini ya bati. Alilisikia swali peke yake, na akalielewa kama mkazi yeyote wa Nairobi angelielewa mwezi wa Desemba, wakati watu wamefunga mizigo na mji unabaki wa paka na walinzi. Nani haendi ushago, kwao kijijini? Nani atakuwepo hapa tukiufunga mwaka? Yeye na mkewe Kasiva walikuwa hawasafiri, kwa kuwa kijana wao Kaindi alikosa likizo kazini Nakuru na hawakuona raha ya kwenda bila yeye. Basi Mwangangi akasimama.

Alitazama kulia, akatazama kushoto, akajikuta amesimama peke yake. Aliwaonea wenzake huruma, maana alijua foleni zinazowangoja barabarani. Mchungaji alimwita mbele, akampaka mafuta utosini, akamkumbatia huku machozi yakimtoka, na kina mama wakapiga vigelegele. Mwangangi alishangaa kidogo. Alijua kubaki Nairobi sikukuu za mwaka mpya si mchezo, lakini hakujua kwamba kunapakiwa mafuta.

Nyumbani alikuta kwenye sahani kabichi iliyochemshwa, haina kitunguu, haina rangi, imelala kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

"Mama Kaindi, ile nyama ya jana iko wapi?"

"Nimempelekea Mama Ciru hapo jirani."

"Yote?"

"Na ingekaa hapa ya nani? Si umefunga."

"Mwaka hatujaufunga. Ni Jumatano ndio tunaufunga."

Kasiva alicheka, akadhani ni mzaha. "Mwaka mzima, Baba Kaindi. Mchana hakuna kitu, jioni mboga ya kuchemsha, hakuna chumvi, hakuna mafuta, nyama ndio usiseme. Si Mchungaji ameeleza yote? Kwani wewe ulisimama ukifikiria ni nini?"

Neno moja tu, "nilikosea", lingemaliza mambo hayo kabla kabichi haijapoa. Lilikuwa tayari ulimini. Lakini Kasiva alikuwa amekaa mbele yake, kidevu kwenye kiganja, akimtazama kwa macho ambayo Mwangangi hakuwa ameyaona tangu siku alipompelekea soda ya kwanza kwenye stendi ya Mwingi. Mwanamume anaweza kuishi miaka mingi katika nyumba, akilipa kodi na kubadilisha balbu, bila mtu kumtazama hivyo. "Sikujua una moyo mkubwa namna hiyo," Kasiva alimwambia. Mwangangi akachukua kijiko akala kabichi.

Halafu Kasiva akajipakulia kabichi ileile, akaketi kando yake. "Mimi pia," alisema. "Siwezi kula chumvi na mume wangu anakula maji."

Tusimwonee. Alijaribu. Siku za mwanzo alifunga kwelikweli, akienda kazini na bilauri ya maji tumboni. Lakini Januari katika duka la sare ni vita. Wazazi wanapanga foleni hadi nje, na kila mtoto amepewa kitu cha kutafuna ili anyamaze. Mtoto mmoja alikuja na sambusa. Mwangangi alipiga magoti kumpima kiuno, akapima, akapima tena, mpaka mama wa mtoto akamwuliza kwa heshima kama shule siku hizi zinataka na urefu wa sambusa.

Mchana huo aliingia kichochoro cha nyuma ya duka, kwa mama anayeuza matumbo na chapati, akala akiwa ameupa ulimwengu mgongo. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Mwangangi aliyaoga hayo maji na sabuni.

Kufikia Februari alikuwa na utaratibu. Siku za kazi alikula katika kile chumba kidogo cha kujaribia nguo, pazia limefungwa, mishikaki imefichwa ndani ya soksi mpya za shule. Soksi zile ziliuzwa baadaye, na kama kuna mtoto aliyefuatwa na mbwa mpaka darasani, sasa mnajua sababu. Jumamosi, duka likifungwa mapema, aliteremkia Kenyatta Market. Pale tatizo lilikuwa kubwa, kwa sababu nusu ya kanisa la Riruta hununua nyama pale na nusu nyingine husuka nywele pale.

Aliyemwokoa ni Shiko, mwenye saluni iliyopakana na bucha. Shiko alimtengea kiti cha mwisho, chini ya ile draya kubwa inayofunika kichwa kama sufuria. Mwangangi alijifunga taulo, akashusha kofia ya draya mpaka puani, na nyama ikapitishwa kwenye tundu la ukuta ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Ikumbukwe kwamba Mwangangi ana upara, upara kamili, usio na hata unywele wa kumbukumbu.

"Mzee, siku moja nitasahau niwashe hii kitu," Shiko alimwambia, "uchomeke hiyo kichwa na useme ni mimi."

"Wewe leta kachumbari tu, mama."

Siku moja ya Aprili alikuwa chini ya draya na mbavu za mbuzi mapajani, na aliyeingia alikuwa mke wa Mchungaji. Alikaa kiti cha jirani. Wasusi walimzunguka kama kawaida ya Kenyatta Market, mikono mingi juu ya kichwa kimoja, kila mmoja na fungu lake, na wote wakizungumza. Mwangangi alijikunja ndani ya taulo, mfupa mdomoni, asiweze kuutafuna wala kuutema.

"Sisi tuna ndugu mmoja kanisani amefunga mwaka," Mama Mchungaji alikuwa akiwaambia. "Mwaka mzima. Nyama hata hanusi."

"Aki si atakufa," msusi mmoja alisema.

"Huko kufa ndiko sikuoni. Ananenepa." Kisha akanusa. "Kwani hapa kuna nani anachoma nyama?"

"Ni nywele hizo," Shiko alijibu bila kupepesa. "Tunachoma ncha zisifumuke."

Mama Mchungaji alisuka rasta ndogo zile za kufika mgongoni, na kazi hiyo si ya dakika. Mwangangi alikaa na mfupa wake mdomoni mpaka kivuli kikahama kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Alipotoka alikuwa na shingo ya upande, na Shiko alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Hilo la kunenepa lilikuwa kweli, na ndilo lililomkosesha njia ya kurudi. Mtu anayekula kwa kujificha hula kwa pupa, kama kila mlo ni wa mwisho, na Mwangangi aliumuka kama mandazi. Shavu likajaa, shingo ikapotea, shati lake la Jumapili likapanda kitovuni. Mtu mwingine angeshukiwa. Lakini Mchungaji Muigai alikumbuka wale vijana wa Babeli waliokataa nyama ya mfalme, wakala mboga, wakatoka wamenona kuliko waliokula. Alimpandisha Mwangangi madhabahuni, akamgeuza ubavu ili kanisa lione tumbo vizuri.

"Hii," alisema akilipigapiga, "ni kabichi."

Tangu hapo benchi la nyuma likasahaulika. Mwangangi alipewa kiti cha mbele chenye mto. Mashemasi walimsalimu kwa mikono miwili. Wagonjwa waliomba awawekee kiganja. Mwalimu Nyokabi wa shule ya Jumapili alikuja na watoto wote, nao wakapanga mstari kugusa kitambi cha imani. Mwangangi aliguswa akitabasamu, huku ndani anawaza kama mutura wa jana, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ulikuwa umepikwa ukaiva.

Kitu kimoja tu kilimkaa moyoni, nacho kilikuwa kinakonda mbele ya macho yake.

Kasiva hakula mahali pengine. Hakuwa na kichochoro wala draya. Mchana alikuwa na kibanda chake cha mboga pale Woodley, akiuza sukuma na nyanya kwa watu wanaokwenda kupika, na yeye anakunywa maji. Jioni alikula kabichi ileile, kijiko kwa kijiko na mumewe. Gauni zake zikaanza kumning'inia. Kwa kuwa sindano ni kazi ya Mwangangi, alimletea azipunguze, na kulikuwa na jioni, Mungu amsamehe, alizokaa kitandani na nguo mbili mapajani. Gauni la Kasiva analikaza, suruali yake anailegeza, uzi mmoja, sindano moja. Aliona. Msiniambie hakuona. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alimjua, na kitanda kilikuwa kimoja.

Kila jioni alijiambia, kesho nitasema. Na kila jioni Kasiva alimwekea sahani kwanza, akamtazama kwa yale macho, na Mwangangi akaogopa kuyaona yakizimika. Hakuogopa Mchungaji, wala kanisa, wala moto wa milele. Aliyaogopa macho hayo tu.

Agosti Kasiva alianguka akianika nguo. Mama Ciru na kijana wa bodaboda walimkimbiza kliniki ya karibu, na Mwangangi akaja mbio kutoka mjini, tepu ya kupimia bado shingoni. Muuguzi alisema damu imepungua, akauliza mama anakula nini. "Tunafunga," Kasiva alijibu. Muuguzi akamtazama Mwangangi, mduara kamili uliojaa mlangoni, akaandika kitu akakikata. Walimlaza mpaka kesho yake. Mwangangi alitumwa nyumbani kuleta shuka, akakawia sana, akarudi, akakaa kando ya kitanda ameushika mkono wake mwembamba. Alimsihi Kasiva aache. Kasiva alisema ataacha siku atakayoacha yeye. Mwangangi alijiapiza moyoni kwamba nyama ameiaga. Kiapo hicho kilidumu mpaka kilipokutana na supu ya mguu.

Sasa twende kwenye Jumapili ya mwisho ya mwaka jana. Mchungaji Muigai alikuwa ametangaza mapema kwamba siku hiyo ni ya ushuhuda. Kila atakayesimama ataje mambo makuu aliyoyaona mwakani na fundisho alilolipata, na Ndugu Mwangangi atakuwa wa mwisho. Baada yake kanisa lote litasimama, wazee kwa watoto, kufunga mwaka mpya kwa mfano wake.

Mwangangi aliketi kwenye kiti chake chenye mto akitafuta mambo makuu. Alifumba macho kwa uchaji, akaurudisha mwaka nyuma. Kilichotokea Machi? Mutura, ule wa Riruta, wenye pilipili, ambao aliula nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi akijifanya anachagua misumari. Juni? Kuku wa kienyeji. Oktoba? Alitabasamu bila kujua, na shemasi aliyekuwa karibu akadhani ni Roho. Alijaribu kukumbuka jambo jingine lolote, maneno aliyosema na mkewe, siku waliyotembea pamoja, simu ya Kaindi kutoka Nakuru. Hakuona kitu. Mwaka wake wote ulikuwa nyama, na kila nyama aliila peke yake, anatazama nyuma. Kwa mara ya kwanza alijionea haya, haya ile inayoshuka mpaka magotini.

Watu walishuhudia. Mzee mmoja alimshukuru Mungu kwa ng'ombe aliyezaa mapacha huko Dagoretti. Mwalimu Nyokabi alifundishwa uvumilivu na mpangaji wake. Kisha, bila kuitwa, Kasiva akasimama.

Hakuwa mtu wa kusimama. Aliushika sana ukingo wa benchi, na gauni lake la kijani, lililokazwa mara tatu, bado lilikuwa kubwa.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mimi sina mambo makuu. Nina ombi. Nyinyi wote mnajua mume wangu amefunga mwaka. Kile hamjui ni kwamba mimi pia nilifunga. Sikutaka kusema, nilitaka iwe kati yangu na Mungu. Tumekula sahani moja, chakula kimoja. Yeye amenenepa. Mimi nimekonda, nimeanguka, nywele inatoka. Nimejichunguza tangu nikiwa msichana. Nimetafuta ni dhambi gani niko nayo, Mungu anapokea ya mwenzangu na yangu anairudisha. Nimekosa kuiona. Basi naomba kama kuna mtu hapa nilimkosea, aniambie leo, nisiingie mwaka mwingine na hiyo kitu."

Alikaa. Watu wengine, sitawataja, walianza kumtazama Kasiva kwa namna ya kuhesabu makosa yake.

Mwangangi alijikuta mbele na kipaza sauti mkononi. Hakukumbuka kutembea.

"Ni nyama," alisema.

"Amina," kanisa likajibu.

"Hapana, sikilizeni. Nilikuwa nakula nyama. Mwaka wote. Mbavu, matumbo, mishikaki. Mke wangu hana dhambi. Yeye ndiye amefunga, mimi nilikuwa nakula."

"Amina!" Mchungaji Muigai aliruka, uso unang'aa. "Mmesikia unyenyekevu? Anajishusha ili mkewe ainuliwe. Na hiyo nyama ni nini, wapendwa? Hiyo nyama ni Neno!"

"Ni mbuzi, Mchungaji."

"Mbuzi wa sadaka!"

"Mbuzi wa Kenyatta Market. Na kachumbari."

"Kachumbari ya Roho!" kina mama wakaitikia, na kinanda kikaanza chenyewe, kama kinavyoanza kikiona watu wamechangamka. Mwangangi alieleza kuhusu draya. Wakapiga makofi. Alieleza kuhusu soksi. Mtu mmoja akaanguka chini. Alisema hata lile la kusimama lilikuwa kosa, kwamba alidhani wanauliza nani haendi ushago, na Mchungaji akaliambia kanisa liandike hayo, kwamba tusiende ushago kiroho. Mama Mchungaji peke yake ndiye aliyeacha kupiga makofi. Alikuwa ameshika rasta zake, mdomo wazi, anakumbuka jambo.

Na Kasiva. Kasiva alikuwa ameshatoka.

Mwangangi alimkuta ng'ambo ya barabara, kwenye bucha la pembeni lenye meza za plastiki, amekaa wima, mkoba mapajani. Aliketi mbele yake. Alikuwa amejiandaa kupigwa, kulaaniwa, kuachwa. Kasiva alikuwa ameshanawa mikono.

"Januari ulikula nini?" aliuliza.

"Mama Kaindi, naomba unisikize kwanza."

"Nimekusikiza huko ndani. Januari."

"Matumbo," alisema Mwangangi. "Na chapati."

Kasiva alimpungia mhudumu, kijana mmoja mrefu anayeitwa Fidel. "Leta matumbo na chapati. Sahani moja."

Chakula kikaja. Kasiva alionja, akafumba macho, maana ilikuwa chumvi yake ya kwanza tangu mwaka uanze, na kwa muda alisahau hata kukasirika. Kisha alikumbuka. "Februari."

"Mishikaki."

"Fidel, mishikaki."

Ndivyo walivyoupitia mwaka. Yale mambo makuu aliyoyakosea maneno kanisani, sasa yaliletwa mezani moja moja, yakitoa moshi. Mutura wa Machi. Mbavu za Aprili. Mwangangi aliyataja, na Kasiva akala, kidogo kidogo, kila sahani mpaka aridhike, kisha akaisukuma kando bila kumkaribisha. Fidel alianza kuwa na wasiwasi.

"Mama, mnangoja wageni?"

"Ni mimi tu."

"Na mzee nimletee nini?"

"Huyu amefunga," Kasiva alisema. Na Fidel, ambaye mama yake husali kanisa lile, alimtazama Mwangangi kwa heshima kubwa, akampelekea maji.

Meza ilipojaa, Fidel alisogeza nyingine. Supu ya Mei. Kuku wa Juni. Julai Mwangangi alisema hakumbuki, na Kasiva akamngoja, mikono imetulia, mpaka akakumbuka. Watu walikuwa wametoka kanisani na kujazana ng'ambo, wakiona Ndugu Mwangangi ameketi katikati ya nyama yote hiyo wala haigusi. Baadhi walianza kuimba. Walisema ni jaribu la mwisho, na analishinda.

"Agosti," Kasiva alisema.

Mwangangi aliinua yale maji ya Fidel, akanywa.

"Agosti, Baba Kaindi."

"Maini."

"Ya siku gani?"

"Tuseme tu maini."

"Siku gani?"

Aliitazama meza. "Ile siku yenyewe. Uliponituma shuka. Nilipitia pale Kenyatta Market. Nilikuwa nimeogopa, Kasiva. Nilijua unakufa, na ni mimi nimekuua, na sikujua niende wapi. Mimi nikiogopa nakula. Nilikula nikilia. Hata Shiko alilia."

Fidel alikuwa amesimama kando na kitambaa begani. "Maini nilete?" aliuliza polepole.

Kasiva alikuwa amelaza mikono mezani, mikono iliyobaki mifupa, imeng'aa mafuta mpaka kwenye vifundo.

"Nilikuwa nimelala pale naomba," alisema. "Ukikawia nikasema ni vizuri, afadhali asinione nikilia. Nilikuwa nauliza Mungu anionyeshe hiyo dhambi yangu, niitubu kabla hujarudi, usije ukapata aibu ya kuwa na mke kama mimi."

Mwangangi aliinama akalia, na kitambi kikatikisika juu ya meza ya plastiki mpaka sahani zikagongana. Ng'ambo ya barabara wimbo ulipanda. Hakuna aliyemwekea mkono begani. Yale macho aliyoyalinda mwaka mzima yalikuwa mbele yake, na hayakuwa yamezimika. Yalikuwa yanamtazama tu, yakimwona yeye alivyo, kwa mara ya kwanza tangu kabichi ya kwanza, na hilo ndilo lililomshinda kulistahimili.

Kasiva alimngoja amalize. Alichukua kipande cha chapati, akafuta nacho mchuzi uliobaki wa Juni, akatafuna, akameza.

"Leta maini," alimwambia Fidel. Kisha akamgeukia mumewe. "Septemba."